Karatasi mbili za matatizo ukutani, usharika umechoka: tuanzie wapi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwinjilisti. Mi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja wa Kilutheri huku juu Machame. Mwaka jana tulikaa semina siku nzima tukaandika changamoto zote, zikajaa karatasi mbili kubwa, vijana wamehamia makanisa ya maombezi mjini Moshi, ibada ya pili viti vitupu, ahadi hazilipwi, spika zinakoroma, na tangu siku ile ndo tumekuwa hoi kabisa, hata baraza la wazee halijai. Sasa kuna mtu katuambia tutafute kocha wa sharika, eti anaanza na yale mnayofanya vizuri. Mi naona ni kujidanganya tu. Unasemaje?

JIBU: Amen, na shikamoo baba. Kwanza zile karatasi zibandueni ukutani. Kuziandika hamjakosea, ila mtu akiingia barazani kila mwezi anakutana na orodha ya aliyoshindwa, mwezi wa tatu lazima atapata udhuru.

Huyo mtu hajawadanganya. Njia yenyewe wala haikuanzia kanisani, ilianzia hospitali, miaka ya 1980 kule Cleveland, Marekani, David Cooperrider alikuwa anasomea udaktari wa falsafa (PhD) chuo cha Case Western Reserve, utafiti wake anaufanyia hospitalini hapo, akaona ukiwauliza watu nini kilienda vizuri na kwa nini wanafunguka na wanapata hamu ya kufanya, ukiwauliza nini kimeharibika wanaanza kutafutana nani mkosaji. Makanisa yakaichukua baadaye. Na huku kwetu si ngeni sana, Bruno Gutmann, yule mmisionari wa Leipzig aliyekuja Uchagani 1902 akatumika miaka mingi Old Moshi, alijenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, yaani vitu alivyovikuta watu wanavyo tayari. Mengine yake tunaweza kubishana naye hadi kesho, ila hapo alikuwa anaona.

Sasa kocha anafanya nini? Hahubiri, wala haji na mpango wake kwenye fleshi. Anauliza. Anawakalisha watu wawili wawili, mmoja anamuuliza mwenzake: ni lini mara ya mwisho ulitoka ibadani ukatamani Jumapili ifike haraka, nini kilitokea, nani alikuwepo? Anayesikiliza anaandika maneno kama yalivyotoka, asiyageuze yakawa lugha ya muhtasari wa kikao. Na jamani msiulizane wazee kwa wazee tu, muulizeni mama anayepamba madhabahu, kijana wa bodaboda anayewahi ibada ya kwanza ili arudi kijiweni, na watoto wa kipaimara, hao wanasema ukweli hadi unaona aibu.

Yakishakusanywa mtaona kuna mambo yanajirudia. Sharika za huko milimani nikibahatisha nasema la kwanza litakuwa msiba: jioni hiyohiyo turubai limefungwa, akina mama wa jumuiya wako na masufuria, zamu ya kulala na wafiwa imeshapangwa na hakuna aliyeitisha kikao. La pili mnada. Ibada imeisha watu wako nje, mkungu wa ndizi unainuliwa juu, jogoo, treya la mayai, na anayenadi ni kijana mmoja mwenye maneno, lile treya linauzwa mara tatu maana kila anayelinunua anasema linadiwe tena. Huyo kijana kwenye karatasi zenu yuko chini ya "vijana hawajitoi"! Muulizeni yeye na wenzake wangependa kufanya nini, muwape na bajeti kidogo, af wazee mkae pembeni. Na hizo jumuiya zinazoweza kupanga msiba kwa saa mbili, ziombeni zitembelee waliohama, kuwasalimia tu, bila kuwadai ahadi. Desemba nayo inakuja, ndugu zetu wa Dar wanapanda, kila mwaka tunawapa bahasha, safari hii waulizeni wanajua kazi gani. Fundi wa hizo spika labda yumo.

Ila hofu yako ina msingi baba, sikatai. Kuna Mjerumani, Christian Schwarz, yeye anafananisha usharika na pipa la mbao, maji hayapiti ubao mfupi kuliko zote, kwa hiyo anataka uanze na palipo dhaifu. Lakini hata yeye anasema huo ubao uurefushe kwa kutumia nguvu ulizonazo. Mi hapo naona yeye na Cooperrider hawagombani. Soma zile barua za Ufunuo sura ya 2, kwa Efeso Yesu anaanza "nayajua matendo yako", anataja taabu na subira yao, ndo baadaye anafika kwenye "lakini nina neno juu yako". Neno linasemwa, tena bila kuremba. Kama sadaka hazionekani kwenye vitabu, hapo msiite kocha, iteni mkaguzi.

SWALI: Mi ni katibu wa kwaya Arusha, mtaa wetu mdogo, waumini wengi wapangaji wanahamahama. Hela ya kumlipa kocha hatuna. Tuache?

JIBU: Msiache mdogo wangu. Ombeni mzee mstaafu au mwalimu wa usharika jirani ambaye hana upande kwenye ugomvi wenu, mumpe nauli na chai, na nyie mtoe mtu wenu awatumikie wao hivyohivyo. Awe anakuja mara moja kwa mwezi, kuuliza mlichosema mtafanya kimefika wapi. Wapangaji kuhamahama hamuwezi kuzuia, ila anzeni kwa kumuuliza kila aliyejiunga na kwaya karibuni ni nani alimwambia njoo. Likitajwa jina moja mara nyingi, huyo mtu mwondoeni kwenye kamati ya vyombo, apokee wageni.