Canterbury hadi Whitstable kwa miguu

Dada, umeuliza umpeleke wapi kutembea mama wa miaka 68 asiyetaka milima, na unaogopa kupita shambani kwa mtu. Mpeleke Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, kwenye njia iitwayo Crab and Winkle Way, kutoka Canterbury hadi Whitstable. Ni kilomita 12 hivi. Mwanzoni kuna mwinuko wa kutoka mjini, mpande polepole. Baada ya hapo ni mashamba na msitu, na mwisho ni bahari. Sehemu ya njia inafuata reli ya zamani iliyofunguliwa mwaka 1830.

Mimi napenda zaidi kipande cha Clowes Wood, ndani ya misitu ya Blean. Waingereza huita msitu "wa kale" ukiwa umekuwepo mfululizo tangu angalau mwaka 1600, na humo miti mingi hukatwa karibu na ardhi ili ichipue upya. Mkiweza, nendeni mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, chini ya miti kunapochanua maua ya buluu kama vikengele. Katikati ya msitu kuna kidimbwi kiitwacho Winding Pond. Pumzikeni hapo, mama ale chapati zake.

Kuhusu hofu yako ya kupita shambani kwa mtu: njia ya umma ni haki yenu kisheria, ilimradi msitoke njiani na mfunge kila geti mlilolifungua. Ng'ombe wenye ndama wapisheni mbali. Viatu viwe vya kuhimili tope, hata jua likiwaka. Kurudi Canterbury, pandeni basi.