Mzee asiiache fimbo nyumbani kwa sababu ya miwani

Dada wa Uyole, umeuliza bei na betri ya ile miwani ya wasioona, inayotetemeka kukiwa na kizuizi mbele, unayotaka kumnunulia baba. Ngoja kwanza. Umeandika kwamba muuzaji amekwambia mzee akishaivaa, fimbo nyeupe haina kazi tena. Hapana! Usimsikilize.

Mimi sioni tangu utotoni. Maneno hayohayo aliniambia kijana aliyeniuzia mkanda wa kiunoni wenye vihisi: "Kaka, fimbo ni mambo ya zamani." Nikaiacha nyumbani, nikatumbukia mtaroni Mwanjelwa. Unaijua ile mitaro ya mawe kando ya barabara, yenye mfuniko wa zege mbele ya mlango wa duka tu, halafu hatua mbili mbele ni wazi. Masika angalau maji yanavuma, nasikia ulipo. Kiangazi umenyamaza.

Na mkanda nao ulinyamaza. Haukuwa mbovu, ndiyo maana nina hasira hadi leo. Kifaa cha aina hiyo, kiwe mkanda au miwani, kinatoa mlio ambao sikio halisikii, kwa kawaida mitetemo 40,000 kwa sekunde, kisha kinasubiri mwangwi urudi. Ukuta unarudisha, nguzo inarudisha, mtu anarudisha. Shimo litarudisha nini? Kimeelekezwa mbele, mbele hakuna kitu, basi kwake njia ni nyeupe. Kama muuzaji alilijua hilo, alinidanganya. Kama hakulijua, alikuwa anauza nini? Goti lililochanika ni langu, hela amekula yeye.

Fimbo inagusa ardhi kabla ya mguu. Ncha ikikosa pa kugusa, mkono unajua na mwili unasimama. Lami ikiisha, kokoto zikianza, unajua. Hakuna mtetemo wa kwenye paji la uso utakaokupa hayo.

Sisemi miwani haifai. Fimbo haifiki juu ya kiuno: kona ya bati la kibanda, mirunda iliyochomoza nyuma ya kirikuu, tawi la mparachichi. Hapo miwani itamwokoa mzee uso. Lakini sokoni kwenye msongamano itatetemeka mfululizo mpaka aizoee na kuipuuza, na nguo za mitumba zilizoning'inia zinameza ule mlio, hivyo anaweza kuzigusa kwanza ndipo ashtuliwe.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aje nayo kwenye mtaro mkavu. Mzee aivae, wewe umshike mkono kwa nguvu, asogee taratibu kuelekea ukingoni. Ikikaa kimya, mwambie huyo muuzaji arudie yale maneno yake kuhusu fimbo, mbele ya mzee.

Na kama mzee hajafundishwa fimbo, hela ya kwanza iende kwa mtu wa kumfundisha: aipeleke kushoto na kulia, ipite mabega kidogo, akikanyaga kwa mguu wa kulia ncha iwe kushoto.