Deki Mpya, DVD za Kabatini: Maswali Yenu

Niliposema hapa kwamba deki ya Blu-ray, mashine ya diski zenye picha kali kuliko DVD, inacheza DVD pia, sikujua nchi nzima ina makabati yamejaa DVD. Nimechagua maswali tisa. Aliyeuliza kama Blu-ray inasoma mikanda ya video, jibu ni hapana, na naamini alikuwa anatania.

Shikamoo fundi. Kaka yangu aliyeko Uingereza amenitumia deki ya Blu-ray. Nina DVD kama 200 na TV ya inchi 43. Picha itakuwa HD kweli, au nimepigwa maneno? (Morogoro)

Marahaba. Picha itapendeza, ila HD, yaani picha yenye nukta nyingi, haitakuwa. Piga hesabu: DVD za huku kwetu zina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, jumla 414,720. TV ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Ni mara tano kamili. Kwa hiyo katika kila nukta tano unazoziona, nne zimebuniwa na deki kwa kutazama majirani zake. Deki yenye akili hubuni vizuri: ukingo wa shati unabaki mnyoofu na wavu wa goli haumetimeti. Deki ya ovyo inakuachia meno ya msumeno.

Lakini kabla hujailaumu deki, tazama waya. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta Blu-ray imeunganishwa kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, kwa sababu ndizo zilizobaki nyuma ya TV baada ya deki ya zamani kuondoka. Huo wa njano umebeba picha nzima peke yake, mwanga na rangi vikiwa vimekorogwa pamoja, na HD haupitishi kabisa. Tumia HDMI, ule waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, kisha ingia kwenye mipangilio ya deki uchague 1080p, yaani Full HD.

Ukimaliza, hamia kwenye TV. Wenye viwanda huziweka TV kwenye rangi kali ili ziwavute wateja dukani. Chagua hali ya sinema. Shusha ukali wa picha karibu na sifuri, maana kwenye DVD ukali huo hauleti undani wowote, unachora tu mstari mweupe kuzunguka watu. Halafu zima ile kazi ya kulainisha mwendo, inayofanya filamu ionekane kama taarifa ya habari. Mke wangu anaipenda, mimi naizima, na tumeoana miaka mingi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mashine yako imetoka Uingereza: soma jibu linalofuata.

Deki yangu nimeinunua hapa hapa Unguja. DVD halali alizoniletea shangazi kutoka Maskati zinaandika neno "region" halafu zinakataa. Za barabarani zinacheza zote. Kwa nini? (Zanzibar)

Kwa sababu aliyenunua halali ndiye aliyefungiwa mlango. Wenye filamu waliigawa dunia katika kanda za DVD. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba, Misri na Afrika Kusini ni ya 2. Sisi Afrika Mashariki tumewekwa kanda ya 5, pamoja na India na Urusi. DVD ya Maskati ni ya 2, deki yako ni ya 5, haziongei. Kopi ya barabarani haina kanda yoyote, ndiyo maana inaingia kila nyumba.

Blu-ray zina ramani yake nyingine, A, B na C, na humo Afrika, Ulaya na Ghuba wote wako B. Hapo ndipo watu wanapopotea. Deki ya msomaji wa Morogoro itacheza Blu-ray za kwetu bila shida, lakini kwa DVD ni mashine ya kanda ya 2 na itakataa DVD halisi za kanda ya 5. Ya kwako ina tatizo hilo hilo kinyumenyume. Mngekuwa majirani mngebadilishana.

Dawa: deki nyingi zina namba za siri za kubonyeza kwenye rimoti ili kufungua kanda zote za DVD. Namba hutofautiana kwa kila modeli, basi muulize fundi anayeijua ya kwako. Kwenye kompyuta kuwa mwangalifu. Kiendeshi chake kinakuruhusu kubadili kanda mara tano tu, na ya mwisho inaganda hapo milele.

Nipo Dallas. DVD za Bongo nilizokuja nazo kutoka Dar hazionyeshi kwenye Blu-ray niliyonunua huku. Zile za barabarani pia hazionyeshi! (Texas)

Kwako kanda si hoja. DVD za nyumbani ni za mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde; Marekani wanatumia NTSC, picha 30, na deki nyingi za huko hazijafundishwa PAL. Kompyuta haijali. Weka DVD humo, ifungue kwa programu ya VLC, vuta HDMI hadi kwenye TV, kaa chini utazame.

Watu wote kwenye DVD zangu wamekuwa wafupi na wanene. Zamani hawakuwa hivyo. (Kisumu)

Filamu hizo zilitengenezwa kwa umbo la TV ya chogo, 4 kwa 3. TV yako ni 16 kwa 9 na imewavuta mashavu ili ijaze kioo. Kwenye deki, iambie TV ni ya 16:9 na ichague kubakiza umbo la asili. Kwenye TV, acha kunyoosha. Utapata pande mbili nyeusi, kushoto na kulia. Ziache. Ukiona weusi pande zote nne, picha imekaa katikati kama stempu, hiyo ni DVD ya umbo pana iliyotiwa weusi tangu kiwandani. Hapo tu ndipo ukuze kwa rimoti ya TV.

Nina VCD ya harusi yangu ya mwaka 2004 na DVD ya kumzika baba. Deki mpya inazikataa zote mbili. Mume wangu anasema tutupe. (Tanga)

Dada yangu, usitupe kitu.

Tuanze na VCD. Deki ya Blu-ray ina miale ya aina tatu: mmoja wa CD, mmoja wa DVD, na ule wa urujuani wa Blu-ray yenyewe. Kwa hiyo jicho la kuisoma VCD lipo, ila viwanda vingi havikuweka programu ya kuielewa. Kompyuta yoyote yenye mlango wa diski itaifungua. Ndani utakuta folda ya MPEGAV, na humo faili lenye herufi DAT mwishoni. Linakili, kisha lifungue kwa VLC. Usitegemee makuu kwenye kioo kikubwa, kwani picha ya VCD ni kama robo ya DVD. Lakini utajiona na shela.

DVD ya msiba inanitia wasiwasi zaidi. Igeuze. Kama chini ina rangi ya zambarau au bluu, ilichomwa na mpiga video, haikupigwa chapa kiwandani. Diski ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki. Ya kuchoma ina rangi tu iliyounguzwa na mwale, na rangi hiyo hufifia kwa jua, joto na unyevu, vitu ambavyo Tanga havijawahi kupungua. Huenda pia mpiga video hakuifunga alipomaliza kuchoma. Hapo mashine yake inaisoma, nyingine zinaiona tupu. Jaribu mashine tatu au nne tofauti, hasa deki za DVD za zamani. Itakayoisoma, hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, nakili kila kitu kwenye flashi mbili na umpe ndugu yako moja akae nayo.

Mazungumzo hayasikiki, mabomu yanaamsha majirani. Natumia sabufa. (Nakuru)

DVD nyingi zina sauti ya njia sita, na maneno ya waigizaji yamewekwa kwenye spika ya katikati, ambayo sabufa yako pengine haina. Kwenye menyu ya DVD chagua sauti ya stereo kama ipo. Kwenye deki, weka sauti itoke kama PCM ya stereo, yaani sauti isiyobanwa ya njia mbili, halafu washa hali ya usiku inayobana milipuko na kuinua minong'ono. Na besi punguza, majirani wameshajua unayo.

Zile DVD za filamu kumi kwenye diski moja zinaonekana vumbi tupu kwenye flati yangu. (Mwanza)

Diski ya kawaida inabeba GB 4.7. Gawa kwa kumi: kila filamu imebaki na MB 470, pungufu ya CD moja. Mashine gani itakurudishia kilichotupwa? Zitazame kwenye TV ndogo.

Ninunue Blu-ray za filamu nilizo nazo kwenye DVD? (Mombasa)

Inategemea ilipigwa kwa nini. Iliyopigwa kwa mkanda wa sinema wa milimita 35, hata ya miaka ya 1960, ina undani mwingi ambao DVD haikuweza kuubeba, na Blu-ray iliyosafishwa vizuri itakushangaza. Anza na ile unayoipenda kuliko zote. Filamu zetu za enzi za marehemu Steven Kanumba nyingi zilipigwa kwa kamera za video zikaingia moja kwa moja kwenye VCD na DVD. Kwa hizo, kopi orijino uliyo nayo mara nyingi ndiyo bora utakayoipata.

Ni kweli dawa ya meno inaondoa mikwaruzo? (Dodoma)

Kwa mkwaruzo mwembamba kwenye DVD, wakati mwingine, kwa sababu inasugua plastiki ikawa laini. Kwenye DVD data iko nusu milimita na kidogo ndani, nafasi ya kusugua ipo. Kwenye Blu-ray iko sehemu moja ya kumi ya milimita tu kutoka juu, na ina ngozi yake ngumu ya kiwandani. Mimi niliipaka moja dawa ya meno, nikaitoa inanukia mnanaa na haijacheza tena. Jaribu kwanza maji, tone la sabuni na kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe.