Baa ya skrini 8, ving'amuzi 2 na spika za bustanini: jinsi ya kupanga

Mkuu, umeuliza ununue splita ya njia ngapi kwa skrini zako 8, na spika za bustanini ziungwe vipi na za ukumbini. Kwanza amua jambo moja: kwa wakati mmoja unataka kuonyesha picha ngapi tofauti? Hilo ndilo linaloamua vifaa, wala si idadi ya skrini. Kama ni mechi moja kila mahali, splita ya HDMI ya 1×8 (kifaa kinachogawa picha moja kwa skrini 8) inatosha. Kama ni mechi mbili pamoja na skrini ya matangazo, vyanzo ni 3, kwa hiyo chukua matriksi ya 4×8 (kifaa cha kuchagua chanzo kipi kati ya 4 kiende skrini ipi kati ya 8) inayotoa picha kwa Cat6, waya kama wa mtandao (mfumo huo huitwa HDBaseT), na vipokezi vyake 8, kimoja nyuma ya kila skrini. Tundu la nne liache wazi, mwenye sherehe atakuja na laptop.

HDMI ya kawaida usiivute zaidi ya mita 10. Ikizidi hapo picha huanza kukatika au kutoa vinukta vyeupe. Cat6 nzuri hufika mita 70 kwa 1080p (ubora wa Full HD) bila wasiwasi. Kwangua ncha ya waya kwa wembe kabla ya kulipa: ndani ukiona weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe. Kila skrini iwe na waya wake mzima bila kiungo, kutoka kabati la ving'amuzi na matriksi, ukae mbali na nyaya za umeme, na namba ziandikwe ncha zote mbili. Vuta waya wa pili wa akiba wakati ukuta bado uko wazi. Waya hizi hazipiti kwenye swichi ya mtandao. Plagi inafanana lakini kinachopita humo si data ya mtandao.

Tatizo linalowasumbua mafundi wengi ni hili: TV moja kuukuu ikichanganywa na za 4K, skrini zote zinashuka ubora au zinakuwa nyeusi. King'amuzi huuliza TV zinamudu picha gani (ndiyo EDID), na jibu la iliyo dhaifu linaweza kuzifunga zote. Weka EDID ya matriksi kwenye 1080p yenye sauti ya stirio, na king'amuzi nacho ukiweke 1080p, sauti PCM (sauti ya kawaida isiyobanwa). Ukiiacha Dolby (sauti iliyobanwa), kifaa cha kutoa sauti kwenye HDMI mara nyingi kitakaa kimya. Nyeusi ikibaki, kagua HDCP, yaani kinga ya kuzuia kunakili picha: chanzo kinachodai 2.2 hakitatoa picha kwenye kifaa cha toleo la 1.4.

Sauti usiitoe kwenye TV. Itoe kabatini kwenda kwenye amplifaya, TV zote volyumu sifuri. HDBaseT haicheleweshi picha kwa kiasi cha kuonekana, ila TV zenyewe huichelewesha. Washa hali ya gemu kwenye zote. Kama fundi amekushauri mfumo wa kupitisha picha kwenye mtandao, hapo picha huchelewa zaidi. Sauti itoke kwenye kipokezi cha ziada kilichowekwa kando ya amplifaya, la sivyo mtangazaji atashangilia goli kabla mpira haujavuka mstari. Mfumo huo unataka swichi ya gigabiti yenye IGMP snooping (uwezo wa kupeleka video kwa vipokezi vinavyoihitaji tu), vinginevyo video itafurika kila tundu na Wi-Fi ya wateja itakufa.

Kwa umbali wa kutoka ukumbini hadi bustanini, tumia spika za laini ya volti 100 (zenye transfoma ndani, ili nyingi ziungwe kwenye waya mrefu mmoja). Ukumbini 8 za wati 10, bustanini 4 za nje za wati 20: jumla 160. Amplifaya isibebeshwe zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo inahitajika ya wati 200, nunua ya 240. Dari likiwa mita 3, acha kama mita 3.5 kati ya spika na spika. Usiunge spika nne za omu 8 sambamba kwenye amplifaya ya kawaida; zinakuwa omu 2 na inaweza kuungua. Kumbuka pia kitufe cha maeneo kwenye amplifaya (cha kuchagua ukumbi au bustani) hugawa sauti ileile moja. VIP wakitaka mechi yao, wanahitaji amplifaya yao.

Mngurumo ukisikika, chanzo mara nyingi ni waya wa dishi kukutana na ethi ya amplifaya. Weka transfoma ya kutenganisha sauti, usikate ethi kamwe. Ving'amuzi na matriksi viwe kwenye UPS ya 1 kVA: umeme ukikatika, king'amuzi huchukua dakika kadhaa kuwaka upya hata kama jenereta imewahi.