Vyungu vya Hungaria, maswali yenu ya wiki hii

Sijui nani kawaambukiza, maana inbox yote wiki hii ni vyungu vya Hungaria. Haya twende.

Mie nikisikia kauri za Hungaria najua Herend tu. Kuna kingine kweli?

Kipo kibao, na hapo ndo huwa tunakosana mie na maduka ya zawadi. Herend ni kiwanda cha mwaka 1826, jina lilipaa 1851 kwenye yale maonyesho makubwa ya London, Malkia Victoria akaagiza vyombo vyenye vipepeo na maua na mpaka leo pambo lile linaitwa Victoria. Nzuri, sibishi, ila hizo ni porseleni za mezani kwa wakubwa. Mkulima wa zamani kule yeye alitundika ukutani sahani za udongo za mfinyanzi wa mji wa jirani, zina ndege, zina maua, na michoro yake inafanywa kwa kachombo kadogo kenye unyoya wa bata bukini mdomoni, udongo mwepesi wa rangi unatiririka humo taratibu, yaani ukimwona anavyochora utadhani dada anampaka bibi harusi hina kwa koni. Mie nasimama na hao.

Vile vyungu vyeusi vya mji wa Nádudvar wanapaka rangi gani?

Hawapaki kitu! Hili swali nalipenda. Udongo wenyewe una chuma, ukichomwa kawaida unatoka mwekundu kama mtungi wetu. Sasa wao chungu kikishakauka kabla ya kuchomwa wanakisugua kwa jiwe laini, wanachora mistari na maua kwa hilohilo jiwe, alafu wakati wa kuchoma mwishoni wanaziba tanuri kila tundu, hewa haiingii, moshi wa kuni unakosa pa kutokea unajipenyeza kwenye udongo na kile chuma nacho kinageuka cheusi. Ukikivunja hata ndani ni cheusi. Palipopita jiwe panang'aa, pasipopita pamefubaa, ndo pambo lenyewe hilo. Wa mji wa Mohács nao wanafanya hivyohivyo.

Zsolnay, ile kauri inayong'aa, inatamkwaje, na kwa nini inabadilika rangi ukiigeuza?

Hiyo "zs" kwetu haipo, ni kama j ya Wafaransa. Na kwa faida ya wengine, "s" yao ni sh, "sz" ndo s, na "cs" ni ch, kwa hiyo mji wa Pécs wenye kiwanda cha Zsolnay unasema "Pech". Kung'aa ni eosini, walianza nayo 1893, ni madini kwenye ngozi ya juu yanayochomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo yanabaki kama utando mwembamba wa metali. Umeshaona mafuta ya gari yakimwagika kwenye dimbwi la mvua? Basi ndo hivyo, kijani, zambarau, dhahabu. Haohao ndo wametengeneza vigae vya rangi vya paa la Kanisa la Matthias pale Budapest, na kuna udongo wao mwingine unaostahimili baridi ya barafu ndo maana mapambo ya nje ya majengo hayapasuki.

Nimeona jagi lina umbo la mwanaume ana masharubu na nyoka tumboni. Uchawi?

Hahaa hapana. Huyo anaitwa Miska (soma Mishka), ni jagi la mvinyo, kavaa kama askari wa farasi na kofia yake ndo mdomo wa jagi. Watu wa miji ya Mezőcsát na Tiszafüred walikuwa mafundi wa haya. Mengine yameandikwa maneno, nani kalitengeneza na kwa ajili ya nani, mie hayo ndo nayatafuta kuliko yote.

Nimenunua sahani ya zamani ya kijijini, naweza kulia chakula?

Usilie. Ile ngozi ya kung'aa ya zamani mara nyingi ina risasi (madini ya risasi, sio ya bunduki), na ukiweka ndimu, siki au achari ndo inatoka vizuri kabisa iingie kwenye msosi. Itundike ukutani kama wenyewe. Ukitaka ya kulia nunua mpya na muulize muuzaji kama haina risasi, na kama ina dhahabu ukingoni usiitie maikrowevu, utaona cheche.