Mtoto wa hesabu na mtoto wa ubunifu

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Nina watoto wawili, tunaishi Wete. Kaka yuko kidato cha pili, hesabu anaziweza, lakini swali likigeuzwa kidogo anakwama. Mdogo wake wa kike husuka ukili kwa nakshi anazozibuni mwenyewe, ila kwenye hesabu hatulii. Nimeambiwa mmoja anatumia ubongo wa kushoto, mwengine wa kulia. Ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Si kweli, ingawa maneno hayo yameenea sana. Pande zote mbili hushirikiana katika hesabu na katika usanii.

Kinachowahusu wanao wote wawili ni uwezo wa ubongo kujisimamia, unaotegemea sana sehemu iliyo nyuma ya paji la uso. Uwezo huo una mambo matatu: kushika taarifa akilini huku ukizifanyia kazi, kuzuia jibu la papara, na kubadili njia.

Mtazame binti anaposuka. Hesabu ya miyaa na zamu za rangi zote anazo kichwani, na mkono ukitaka kurudia nakshi ya jana anauzuia. Huo ni uchambuzi, tena mgumu. Natamani mwalimu wake wa hesabu auone ukili huo. Mpe daftari achore nakshi na aandike hesabu zake.

Kaka anakwama penye kubadili njia. Mwanasaikolojia Karl Duncker aliwataka watu waweke mishumaa midogo mlangoni, usawa wa macho. Mezani palikuwa na pini na vikasha. Vikasha vilipojazwa vitu, wengi hawakufikiri kuvibandika mlangoni viwe vibao vya kuwekea mishumaa. Vilipokuwa vitupu, waliligundua hilo. Mazoea yalikuwa yamewafunga. Basi kijana afanye swali moja kwa njia mbili, na aeleze kwa nini alianza na ile ya kwanza. Akikwama, aliache, alirudie baadaye. Michezo ya simu inayodai kukuza akili siipendekezi: mara nyingi mtoto huwa hodari wa mchezo wenyewe tu.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20, kwa hiyo ni mapema mno kuwapa majina ya "wa sayansi" na "wa sanaa".

Kuhusu kutotulia: binti kutulia akisuka ni jambo jema, lakini peke yake halitoshi, kwani hata mtoto mwenye tatizo la umakini huweza kutulia kwenye jambo alipendalo. Ikiwa hatulii mahali zaidi ya pamoja, kama skuli, chuoni au nyumbani, mpeleke hospitali apimwe.