Ukifunga skrini wifi inakata? Usikimbilie kununua ruta

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na chuo. Kazi yenyewe mnaijua: fotokopi, kuprinti, kubaindi, picha za pasipoti. Siku hizi mwanafunzi haji na flashi. Anakutumia faili WhatsApp akiwa njiani, na akifika anataka akute karatasi bado zina joto. Kwa hiyo simu ya ofisi ndiyo mlango wa duka. Ikilala, nami nimefunga.

Na ilikuwa inalala. Kijana anasimama mbele ya kaunta, jasho linamtoka.

"Shikamoo anti. Nimekutumia risechi yangu."

"Marahaba baba. Mbona haijaingia?"

"Nimetuma tangu niko getini."

Ananigeuzia simu yake: tiki moja, ya kijivu. Naichukua ya kwangu iliyolala pembeni ya mashine, naweka kidole, kioo kinawaka, alama ya wifi haipo. Nahesabu moja, mbili, tatu, alama inarudi. Halafu ting, ting, ting, ting. Risechi ya huyu, CV ya yule, ujumbe wa kikoba, na "Anti upo?" ya mtu aliyeandika dakika arobaini zilizopita, akasubiri, akachoka, akaenda duka la jirani. Jirani huyo hata mashine yake inatoa mistari.

Kama nami ningekuwa na akili siku hiyo, ile tiki moja ingenitosha. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwa mtumaji lakini haujaifikia simu yako. Ukifika zinakuwa mbili, hata kama kioo chako kimezima na hujausoma. Simu yangu haikuwa inachelewa kunijulisha. Haikuwa mtandaoni kabisa, na bando sikuwa naweka kwa sababu nalipia wifi ya mwezi. Badala ya kufikiri hivyo, nikawapigia watu wa intaneti nikagomba. Wakaniambia nizime ruta niwashe. Nikazima, nikawasha, wiki nzima. Mwisho nikaenda kununua ruta nyingine, ya antena nne, kwa hela ya kodi ya fremu. Tatizo likabaki vilevile, sasa likiwa na antena nne.

Kilichonifungua macho ni chaji. Siku moja umeme ulikuwa umekatika usiku, nikafika asubuhi simu ina asilimia 6, nikaichomeka ikakaa kwenye chaji mpaka saa tisa. Siku hiyo hakuna aliyelalamika. Nilipoichomoa, haikupita nusu saa: "Anti, nimetuma, tiki moja." Ruta ni ileile, ukuta ni uleule, kilichobadilika ni waya wa chaji.

Basi hicho ndicho kipimo cha kwanza, na ni cha bure. Ichomeke simu, ifunge, iache saa nzima, mwambie mtu akutumie ujumbe kila baada ya dakika kumi. Kesho yake rudia bila chaji. Kama inakata ikiwa haiko kwenye chaji tu, anayekata ni simu yenyewe, inabana matumizi ya betri. Kama inakata hata kwenye chaji, hapo ndipo uigeukie ruta.

Simu za Android zina utaratibu unaoitwa Doze, ulioanza na toleo la 6 mwaka 2015. Simu ikiwa haichaji, kioo kimezimwa, na imetulia mahali pamoja kwa muda, mfumo unazinyima programu mtandao. Mara mojamoja unazifungulia kidogo zichukue vyao, halafu unafunga tena, na kadiri simu inavyozidi kutulia ndivyo nafasi hizo zinavyoachana. Toleo la 7 likaongeza usingizi mwepesi kwa simu ambayo kioo kimezimwa lakini inatikisika, kama iliyo mfukoni. Sasa itazame simu yangu: kutwa iko pembeni ya mashine ya fotokopi, haiguswi mpaka mteja aje. Hakuna simu iliyojitayarisha kusinzia kuliko hiyo.

Lakini hapa watu wengi wanachanganya, hata mafundi. Doze haizimi wifi. Inazizuia programu, na ujumbe wa haraka, WhatsApp ikiwemo, umeachiwa njia ya kupita hata simu ikiwa usingizini. Kwa hiyo kuna maradhi mawili yenye dalili zinazofanana: programu imelala ilhali wifi ipo, au wifi yenyewe imeondoka. Dawa zake si moja. Ukifungua simu ukakuta alama ya wifi ipo tayari lakini ujumbe ndio unamiminika, ni la kwanza. Ukiona alama inakuja baada ya sekunde kadhaa kama iliyotoka safari, ni la pili.

Mwanafunzi mmoja anayesomea kompyuta alinionyesha namna ya kuhakikisha, kwa malipo ya kurasa ishirini za bure. Kwenye simu gusa jina la wifi uliyounganishwa, utaona anwani ya IP, yaani namba ya simu yako kwenye mtandao huo, kitu kama 192.168.1.7. Kwenye kompyuta ya Windows iliyo kwenye ruta hiyohiyo, fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika ping -t kisha anwani hiyo, bonyeza Enter. Kompyuta itakuwa inaiita simu, na mistari ya majibu itaanza kuteremka. Funga simu, iweke chini, kaa utazame. Majibu yaliyokuwa ya milisekunde 5 yataanza kuruka kwenda 200, 300. Usishtuke, ni kawaida: simu ikizima kioo, redio yake ya wifi inasinzia na kuamka, na ruta inaishikia mizigo yake mpaka iamke iulize kama kuna chake. Kuchelewa si kukatika. Kukatika ni pale kompyuta inapoanza kuandika kwamba muda umeisha bila jibu, mstari baada ya mstari. Yangu ilijibu dakika tano, halafu kimya.

Dakika tano kamili, tukarudia mara tatu. Kitu kinachokata kwa saa namna hiyo si mawimbi, kimepangwa. Tukaingia Mipangilio, sehemu ya Betri, tukakuta kiokoa betri kimewashwa, na chini yake kuna mstari mdogo wa kuruhusu simu iendelee kuunganishwa ikilala. Ulikuwa umezimwa. Nikamwita binti ninayefanya naye kazi.

"Hii nani kaiwasha?"

"Mimi dada. Si ule wakati wa mgao? Ulisema simu isizime kabla ya kufunga."

Nilisema kweli. Nikanyamaza, nikaitazama ruta yangu ya antena nne.

Kwa hiyo ndugu msomaji, anzia hapo. Zima kiokoa betri kabisa, siyo kukipunguza, kisha jaribu tena. Kama bado, pekua ukurasa wa betri mstari kwa mstari, maana kila kampuni ya simu imeongeza ubahili wake juu ya ule wa Android na kuupa jina inalotaka. Kuna wanaoweka mstari wa kubaki mtandaoni simu ikilala, kuna wanaoweka wa kukata data simu ikifungwa, kuna wanaozifunga programu zote kioo kikizima. Kwenye Android za zamani, na bado zipo mikononi mwa watu wengi, mpangilio huo uko ndani ya wifi yenyewe, sehemu ya mipangilio ya kina: wifi ibaki imewashwa simu ikilala, na unachagua daima, ikiwa kwenye chaji tu, au kamwe. Chagua daima.

Kisha nenda kwenye programu unayoitegemea, kwangu WhatsApp, ingia kwenye betri yake, iruhusu ifanye kazi nyuma bila kizuizi. Moja au mbili tu. Nilimwona mtu amezifungulia zote mpaka mchezo wa karata, halafu analalamika simu haifiki jioni. Simu nyingine zina kufuli dogo ukifungua orodha ya programu zilizo wazi: ifunge WhatsApp kwa kufuli hilo, isifagiliwe pamoja na nyingine. Na acheni tabia ya kufagia programu kila baada ya dakika mbili mkidhani mnaipumzisha simu. Kwenye baadhi ya simu, ukishafagia, programu imekufa mpaka uifungue tena kwa mkono.

Zile programu za kupakua zinazojiita kiamsha wifi, nilijaribu moja. Ilileta matangazo mpaka kwenye kioo kilichofungwa. Achana nazo.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie WhatsApp kwenye kompyuta nikamaliza habari. Natumia, na tangu 2021 walipoanza kuruhusu vifaa vilivyounganishwa vifanye kazi bila simu kuwa mtandaoni, inasaidia kweli. Ila kompyuta ya dukani wateja wanaishika, na sitaki mtu anayetafuta faili lake asome mambo ya kikoba. Halafu umeme ukikatika kompyuta inazima, simu inabaki.

Baada ya marekebisho hayo mambo yalitulia, lakini si asilimia mia. Mara moja mbili kwa siku ilikata, hata ikiwa kwenye chaji, na hapo sasa kweli ilikuwa zamu ya ruta. Nilikuwa nimeificha nyuma ya mashine ya fotokopi kwa sababu ya wezi. Mashine ile ni bati na chuma, na simu iko upande wa pili. Tena ruta ilikuwa inarusha masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, kwa jina moja, na simu ikawa inahama huku na huku. GHz 5 ni ya kasi lakini haipendi kuta, GHz 2.4 ni ya polepole ila inapenya. Nikaipandisha ruta kwenye rafu ya juu, nikayapa masafa majina mawili tofauti, simu ya ofisi nikaiacha kwenye 2.4 peke yake. Faili la risechi halihitaji kasi ya kutazama mpira.

Kuna aina nyingine inayofanana na hii na haihusiani na betri hata kidogo: wifi za vocha. Mdogo wangu amepanga chumba mahali penye wifi ya kununua kwa saa. Kila akifunga simu, akiifungua anakuta ule ukurasa wa kuingiza namba ya vocha. Akadhani simu mbovu. Mitambo ile ina kipimo cha kuchungulia kama simu bado ipo, na mfumo mmoja unaopendwa sana na wauza vocha unatoka kiwandani ukiwa umewekewa dakika 2. Simu ikisinzia isijibu ndani ya dakika hizo, mtambo unaihesabu imeondoka, unaitoa. Hapo utabadilisha mipangilio ya simu mpaka uchoke. Zungumza na mwenye wifi auongeze muda huo, ni kazi ya dakika moja kwake. Jambo la pili, kuanzia Android 10 simu hujificha kwa anwani ya MAC (namba inayokitambulisha kifaa kwa ruta) ya kubuni. Ikitokea anwani hiyo ikabadilika, mtambo unaiona simu yako kama mgeni na kuidai vocha upya. Kwenye wifi hiyo moja tu, chagua itumie anwani halisi ya kifaa.

Kwa wenye iPhone sina mengi. Angalia betri isiwe ya njano, maana njano ni hali ya kuokoa nguvu. Na kama wifi yako inatoka kwenye hotspoti ya simu ya mwenzako, yawezekana inayokata ni ya kwake: simu nyingi huzima hotspoti zenyewe kama hakuna kifaa kilichoshika kwa dakika kadhaa. Mwambie azime huko kujizima.

Kuirudisha mipangilio yote ya mtandao kama mwanzo, ambako mafundi wengi hukimbilia, iwe ya mwisho kabisa. Inafuta nywila zote za wifi na vifaa vyote vya Bluetooth. Nilipoteza nywila ya nyumbani kwa mama mkwe namna hiyo, na kuiomba mara ya pili kulikuwa na maneno.

Gharama ipo, nisifiche. Zamani simu ilikuwa inafunga duka na asilimia 60. Sasa inafika saa kumi na mbili na 30 na kitu. Naweza kuishi na hilo. Ile ruta ya kwanza nimemuuzia jirani mwenye mashine ya mistari, kwa nusu bei.

Jana saa saba na nusu mchana simu ililia pembeni ya mashine, kioo kimezima. Faili la kurasa 64. Nilishaanza kuprinti, dakika kumi baadaye mwenyewe akaingia anahema.

"Shikamoo anti, nimekutumia..."

"Marahaba. Kubaindi unataka ya springi au ya gundi?"